Likizo ya Pasaka, Amani na pwani ya Tanga: tuje na mvua hizi?

*"Naishi Ujerumani mwaka wa kumi na nne sasa, kwetu ni Korogwe. Mume wangu ni Mjerumani na anapenda ndege kupita kiasi. Tuna watoto wawili, miaka 9 na 12. Likizo yao ya Pasaka ni mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili, kwao huko ni majira ya machipuko, na tumetamani safari ya kuongozwa ya kutazama viumbe: milima ya Usambara kwanza, halafu pwani. Kuna kijana amenitumia ratiba kwa WhatsApp: siku tano, kulala Amani mara moja, Saadani mara mbili, Ushongo mara moja pamoja na kwenda Maziwe. Ndugu zangu wanasema tusithubutu, ni masika, hakuna mnyama atakayeonekana na barabara zimekufa. Mama yangu ana miaka 68, magoti yanamsumbua, anataka kuja nasi ila anacheka: tangu lini mtu akalipa kuonyeshwa msitu wa kwao? Watoto wanataka tembo, mume anataka bundi, mimi nataka kasa. Tuje au tuahirishe? Mimi malaria si tatizo kwa kuwa nimekulia Korogwe, ila watoto niwafanyeje?"*

Dada, karibu. Barua yako ina maswali manne ndani yake: mwezi, ratiba, mwongozaji na malaria. Hilo la malaria umelitupia mwishoni kama la kuulizia njiani, nalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike kwa urefu. Nitalifikia. Jibu fupi ni kwamba njooni, lakini ratiba hiyo msiilipie kama ilivyo. Amani ipeni siku nne au tano, pwani ipangeni kwa kufuata mwezi na maji, na Saadani iacheni mpaka mtakapokuja kiangazi.

Nianze na ndugu zako. Kuhusu mvua wako sahihi. Kuhusu wanyama wanachanganya nyika na msitu, na si wao peke yao. Sisi tukisikia "kutazama wanyama" tunawaza Mikumi au Serengeti mwezi wa nane: nyasi zimekauka, mabwawa mengi yamekwisha, maji yamebaki mtoni na kwenye visima vichache. Hapo mnyama hana hiari, lazima aje kunywa, nawe unamsubiri hapohapo. Mvua ikinyesha kila dimbwi ni kisima, nyasi zinafika usawa wa dirisha la gari, na makundi yanatawanyika. Kwa nyika, kwa hiyo, ushauri wao ni mzuri.

Msitu wa Amani, ulio Usambara Mashariki, haufuati kanuni hiyo. Ni msitu unaopata mvua karibu kila mwezi, jumla yake kwa mwaka huelekea milimita 2,000, na mito yake haikauki. Hakuna mnyama wa pale anayelazimika kusafiri kutafuta maji, kwa hiyo kiangazi hakimkusanyi na masika hayamtawanyi. Tena viumbe vilivyoupa msitu huo jina duniani ni vidogo, vingi vyao vyenye ngozi laini inayotaka unyevu: vyura, vinyonga, konokono, na wadudu wasio na idadi. Hao masika ndiyo sikukuu yao. Tembo hakuna Amani, na simba hakuna. Wanao wasije wakidhani wapo.

Mvua yenyewe haishuki kama ndugu wanavyoisimulia, kwamba inaanza tarehe mosi Aprili na kunyesha bila kupumua. Jua likivuka ikweta mwishoni mwa Machi kwenda kaskazini, ukanda wa mvua unalifuata kwa kuchelewa. Upepo wa kaskazi unalegea. Baadaye kusi inashika na kuanza kusukuma hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Usambara Mashariki iko karibu sana na bahari, kiasi cha kilomita 40 kutoka Tanga, na ndiyo ukuta wa kwanza hewa hiyo inaokutana nao. Inapanda, inapoa, inamwaga. Mwisho wa Machi na wiki ya kwanza ya Aprili mara nyingi unapata manyunyu mazito yenye mapengo ya jua. Nusu ya pili ya Aprili na Mei ndiyo kiini. Kwa tarehe zako mnakuta masika mlangoni, hamyakuti sebuleni. Kama likizo ingeanza tarehe 20 Aprili, ningekuambia uahirishe bila kusita.

Kwa hiyo tangulieni mlimani. Barabara ya kutoka Muheza kupanda Amani, hasa kipande cha juu baada ya lango la Sigi, ni ya udongo mwekundu na kona kali, na kila wiki ya mvua inaifanya kuwa mbaya zaidi ya iliyopita. Gari la kuvuta magurudumu yote manne ni lazima, na dereva awe ameshapanda njia hiyo ikiwa imelowa. Siku moja kabla ya kupanda, mwongozaji awapigie simu watu wa hifadhini aulize hali ya njia siku hiyo. Taarifa ya juma lililopita haina maana.

Mtakachokiona huko juu, nikuambie kwa uaminifu, pamoja na mtakachokikosa. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mchana mtawaona mbega, weusi wenye mabega meupe ya manyoya marefu, na kima. Hondohondo mtawasikia kabla ya kuwaona, mbawa zao zina kishindo. Kwenye majani makavu chini, asubuhi mapema, mkikaa kimya, kuna bahati ya kumwona sange, yule mnyama wa pua ndefu inayochezacheza, kifua chekundu na matako meusi, akifukua wadudu. Kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito kuna Saintpaulia, ua la zambarau ambalo wanao wameliona mara mia kwenye vyungu vya madirishani huko Ujerumani, wenyewe wanaliita Usambaraveilchen. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa hapa Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake, na biashara yote ya dunia ikaanzia hapo. Waonyeshe likiwa kwao, kwenye jiwe lenye unyevu. Msiling'oe.

Upungufu wa mwezi huu uko kwa mume wako. Ndege wengi wa msitu huo huzaliana kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, na ndege anayezaliana ndiye anayeimba. Aprili wameshapunguza kelele, na msituni usipomsikia ndege ni vigumu kumwona. Yule ndege mdogo mshona majani mwenye mdomo mrefu, anayepatikana Usambara Mashariki na sehemu moja ya kaskazini mwa Msumbiji tu, jina lake la kisayansi limemkumbuka Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani kuanzia 1928. Anakaa juu kwenye mizongomeo ya mitambaazi, na akinyamaza unaweza kupita chini yake wiki nzima. Bundi mkubwa wa Usambara naye yupo, na usiku wa utulivu baina ya mvua mbili huenda akaita. Asiahidiwe mtu. Mwongozaji anayesema "bundi lazima" anakuuzia kitu kisicho chake.

Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza siku nne, ni kwa ajili ya usiku. Matembezi ya mchana yana kiasi chake, lakini saa moja na nusu usiku, mvua ikiwa imekatika na majani bado yanadondosha maji, msitu unabadilika. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, huwa karibu nyeupe, na mwanga wa tochi ukimpitia anang'aa kuliko jani lolote lililo jirani. Hulala kwenye ncha kabisa ya kijiti chembamba, mkia umeviringwa. Amechagua hapo makusudi: nyoka akianza kupanda, kijiti kinatikisika, naye anajiachia na kuanguka gizani. Wa pembe tatu anapatikana milima hii, dume lake lina pembe tatu kamili puani kama silaha. Chini zaidi, usawa wa goti la mtoto, kuna wale wadogo wa mkia mfupi wasiozidi urefu wa kidole, na hata ukionyeshwa utabisha kwamba ni jani kavu. Mama anaweza kuruka, maana wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga. Hana sumu. Lakini msimshike wala msikubali mwongozaji akate kijiti amlete karibu na kamera, ingawa wapo wanaofanya hivyo wakidhani wanakufurahisha.

Halafu vyura. Mwambie mwanao wa miaka 12 atafute habari za jamii ya Nectophrynoides kabla ya kuja. Ni vyura wadogo ambao jike hatagi mayai majini. Anazaa vichanga vilivyokamilika, bila hatua ya viluwiluwi. Jamii hiyo nzima iko Tanzania tu, na wapo wanaoishi Usambara Mashariki. Usiku wa mvua wanaita kutoka kwenye majani ya chini. Komba nao watalia, na perere, yule pimbi wa mitini, ana mlio wa kutisha unaopanda hatua kwa hatua mpaka watoto wanaingia kitandani kwa mama yao. Waandae kwa hilo.

Sasa kicheko cha mama. Ana haki ya kucheka, maana wazee wa Kisambaa wanaujua msitu kwa namna ambayo sisi tuliosomea hatutaifikia: mti gani unatibu nini, kuni zipi haziokotwi. Mwongozaji mzuri wa Amani mara nyingi ni mtoto wa vijiji vya hapohapo mwenye ujuzi huo, na juu yake akaongeza miaka ya kuzoeza sikio. Unachokilipia ni kusimamishwa. Wewe na mumeo mtatembea haraka. Yeye atasimama pale msipoona sababu, atainamisha kichwa, na baada ya dakika mbili kundi la ndege wa namna kumi litapita juu yenu likila wadudu. Unalipia pia kujua njia ya kurudi gizani na kutokanyaga msafara wa siafu, ambao masika hutembea sana. Suruali ndani ya soksi, na viatu vya mvua virefu kwa kila mtu. Mwavuli wa kawaida ni bora kuliko koti la mvua. Ndani ya koti utalowa jasho kuliko ambavyo ungelowa mvua.

Kitu kimoja mume wako akubaliane nacho mapema: sauti za ndege za kwenye simu. Mwongozaji akipiga rekodi, ndege hudhani mpinzani ameingia kwake, anaacha kula, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Mara moja kwa muda mfupi si balaa. Kumrudiarudia nusu saa kwa ajili ya picha ni uonevu, na kwa viumbe waliobaki wachache kama hawa nakataa kabisa. Kuhusu darubini, aje na ya 8x42 au inayokaribia hapo. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, na kioo kipana ndicho kinachokusanya mwanga kwenye msitu wenye kiza. Wale wanaokuja na 12x25 ya mfukoni huishia kuona kivuli kinachotetemeka.

Mama na magoti yake, msimwache Korogwe. Amani ina bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, njia zake ni pana, na nyumba za wageni zina mahali pa kukaa. Ndege na kima hufika hapo wenyewe. Njia za mteremko aziache, hasa zikiwa zimelowa, maana kushuka ndiko kunakoumiza goti kuliko kupanda. Mletee sweta, usiku Amani hushuka chini ya nyuzi 20.

Pwani ni hesabu nyingine, nayo ndipo ratiba uliyotumiwa inaponitia shaka zaidi. Imeandika "siku ya tano: Maziwe" bila kusema saa ngapi wala maji ya siku hiyo yakoje. Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Ushongo na Pangani, ilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975. Ilikuwa na mivinje juu yake, na ilisifika kwa kasa waliokuja kutaga kuliko karibu popote pwani yetu. Ikaliwa na bahari. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikwisha, na leo ni fungu la mchanga linalotokea maji yakipwa na kuzama yakijaa. Ukienda saa isiyo yake utafika na kukuta bahari.

Pwani yetu ina utaratibu ambao wavuvi wanaujua kwa vidole. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana kama saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu: yanapwa kidogo tu, tena jioni. Kwa hiyo siku yenu ya Maziwe iwe katika bamvua, mtoke asubuhi, mkae juu ya mchanga saa mbili tatu, mrudi kabla hayajageuka sana. Kivuli hakuna hata cha kijiti. Jaketi la kuokolea livaliwe na kila mtu tangu ufukweni, si lilaliwe kama mto. Na nahodha akisema leo bahari haifai, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Mwezi huo kaskazi na kusi zinabadilishana zamu. Kuna siku za shwari kabisa na kuna siku kusi inaingia ghafla na mvua yake. Mito ya Pangani na Wami nayo inaleta tope, kwa hiyo usitegemee maji maangavu ya picha za Januari.

Hiyo bamvua ina zawadi kwa mume wako ambayo itamsahaulisha bundi. Maji yakijaa saa kumi jioni yanawasukuma ndege wa tope wote, kitwitwi na sululu na wenzao, mpaka wabaki wamesongamana kwenye kipande cha mwisho cha mchanga au kingo za mikoko. Ndio saa ya kukaa na darubini. Na Aprili hao wako njiani: wengine wameshabadilisha manyoya ya kijivu kuwa mekundu ya tofali, wamenona, wanaondoka kwenda kuzaliana mpaka Siberia. Baadhi ni jamii zilezile anazoziona kwenye matope ya Wattenmeer kwao. Yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, yeye safari yake ni ya Oman na Ghuba, ambako huchimba shimo mchangani na kutaga humo. Mwisho wa Machi bado unaweza kuwakuta, wiki chache baadaye wengi wamekwenda. Hilo ndilo jambo la pwani ambalo mgeni wa Agosti halioni.

Kasa wako, dada. Baada ya Maziwe kuzama, kasa wa kijani waliendelea kutaga kwenye mchanga ule ambao maji ya bamvua yanaufunika, na mayai yakifunikwa na maji yanakufa. Ndiyo maana watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia viota ufukweni bara na kuvilinda. Mayai huchukua kama siku 50 hadi 60, kutegemea joto la mchanga, na joto hilohilo ndilo linaloamua kama vifaranga vitakuwa vya kike au vya kiume. Mchanga wa moto hutoa majike. Je, mtaona vinavyototoa? Inategemea kama kuna kiota kilichofika siku zake juma lenu. Walinzi wa viota huweka tarehe, kwa hiyo mwongozaji awaulize kabla hamjapanga siku. Mkibahatika, hakuna tochi nyeupe wala mwanga wa kamera: kifaranga hutafuta bahari kwa kufuata upande wenye mwanga zaidi, na simu ya mtalii inatosha kumgeuza arudi kwenye magugu. Wala msimbebe kumpeleka majini, mwacheni atembee. Nyangumi na papa potwe usiwatafute: nyangumi hupita pwani yetu kuanzia kama Julai, na potwe ni wa Mafia, msimu wake unakwisha karibu mnapofika.

Saadani. Naipenda, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na ni mahali ambapo unaweza kuona nyayo za tembo na alama za kaa kwenye mchanga mmoja. Lakini sehemu kubwa ya njia zake ziko juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule wa mfinyanzi unaovimba ukinywa maji. Juu unateleza kama sabuni na chini unashika tairi usiachie. Aprili baadhi ya njia hazipitiki, baadhi ya kambi hufunga, na nyasi zimeshapanda. Kulala huko mara mbili kwa bei kamili, mkashinda mkisukuma gari, sioni faida yake. Kwa tembo wa watoto afadhali mkirudi Dar es Salaam mpande treni ya umeme mpaka Morogoro, mkodi gari kwenda Mikumi, mlale mara moja. Barabara kuu ya lami inapita katikati ya hifadhi hiyo, na tembo huonekana hata kutoka barabarani, masika au kiangazi. Nyasi zitakuwa ndefu, ila tembo hafichwi kirahisi. Chui na simba ndio msiwategemee.

Ratiba yenyewe, kwa jumla, ina safari nyingi mno ya gari. Dar hadi Muheza peke yake ni sehemu kubwa ya siku, kisha kupanda Amani; ukilala usiku mmoja utakuwa umefika jioni na kuondoka asubuhi, ukiwa umelipia msitu usiouona. Muulize kijana huyo nani hasa ataongoza Amani na anatoka kijiji gani, na maji yanapwa saa ngapi siku aliyoandika Maziwe. Kama la pili halijui, hajawahi kuipanga safari hiyo yeye mwenyewe. Aonyeshe leseni ya biashara ya utalii, hii tunayoiita TALA, na risiti iwe ya jina la kampuni lililo kwenye leseni. Malipo ya viingilio vya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu; unayo haki ya kuiona. Usitume pesa yote kabla ya kufika. Viwango vya raia na wageni vinapishana mno, na lango linasoma pasipoti, halisomi Korogwe: kama umeshachukua uraia wa Ujerumani, piga hesabu yako kama mgeni, na watoto vilevile.

Sasa malaria. Uliposema si tatizo kwako kwa kuwa umekulia Korogwe, ulisema jambo ambalo watu wetu wengi wa ughaibuni wanaliamini, na linawalaza hospitali. Kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria si ya kudumu. Mwili huijenga kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, na huidumisha kwa njia hiyohiyo. Ukikaa mahali pasipo malaria, kinga hupungua mwaka hadi mwaka. Baada ya miaka kumi na minne unapaswa kujihesabu kama mtu anayekuja kwa mara ya kwanza. Watoto wako hawajawahi kuwa nayo kabisa, na mume wako vivyo hivyo. Amani juu kuna baridi na mbu ni wachache, lakini Muheza chini yake ni eneo lililotumika kwa utafiti wa malaria miongo mingi, na Ushongo na Pangani ni pwani ya joto. Masika mbu huongezeka.

Mimi ni mtu wa msituni, dawa sikuandikii. Nendeni wote wanne kwa daktari wa safari huko kwenu, wiki nne hadi sita kabla ya kuondoka, kwa sababu kuna dawa za kinga zinazoanzwa siku moja au mbili kabla na nyingine wiki kadhaa kabla, na ya watoto hupimwa kwa uzito wao. Mwambieni nani ana mzio, nani anatumia dawa gani nyingine, na kwamba mtalala pwani. Zote huendelea kumezwa baada ya kurudi, zingine wiki moja na zingine wiki nne. Wengi huziacha uwanja wa ndege na hapo ndipo shida huanza. Chandarua, mikono mirefu kuanzia machweo na dawa ya kupaka vinabaki palepale. Mama akiwa na miaka yake, apimwe presha na aulize daktari wake wa Korogwe kabla ya kupanda mlima.

Homa yoyote mkiwa huku, ya mtu mzima au mtoto, mshuke siku hiyohiyo kupima Muheza au hospitali ya mkoa Tanga, msingoje kesho wala msinunue dawa dukani kwa kubahatisha. Na mkisharudi, homa, kichwa au hata kuharisha kwa mtoto ndani ya mwaka mzima, hasa miezi mitatu ya kwanza, nendeni hospitali siku hiyo. Madaktari wa huko hukutana na malaria mara chache na wanaweza kudhani ni mafua, kwa hiyo waambieni mlikuwa Tanzania kabla hata hawajauliza dalili, na mwombe kipimo cha malaria kwa jina.